Fundi cherehani ndani ya 1-54

Kila Oktoba London huingiliwa na watu wa sanaa. Frieze, maonyesho makubwa ya kuuza sanaa, hupiga mahema yake Regent's Park, magari meusi yanapanga foleni, na wiki hiyohiyo, kando ya mto Thames, jengo la Somerset House hupokea 1-54, maonyesho ya sanaa ya kisasa ya Afrika. Aliyeyaanzisha mwaka 2013 ni Touria El Glaoui, Mmoroko, binti wa mchoraji Hassan El Glaoui. Jina lenyewe ni hesabu: bara moja, nchi 54. Hufanyika New York na Marrakech pia, lakini mimi nazungumzia haya ya London kwa sababu ndiyo ninayoyafikia kwa basi.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Hapa London napunguza suruali, nabadilisha zipu, na nashona magauni ya dada zetu wanaotaka kitenge kikae mwilini, si kining'inie. Shule ya sanaa sikusoma. Nikiingia chumba cha maonyesho nafanya lilelile ninalofanya mteja akiniletea gauni: nasogea, natafuta mshono, na pakiwa na nafasi nachungulia upande wa nyuma. Watu wangu huniuliza, "Dada, tukienda tumwangalie nani?" Haya ndiyo majibu, na mjue kabisa kwamba yana upendeleo wa sindano.

Kwanza jengo. Frieze ni hema kubwa lenye kuta nyeupe, ukizubaa unapotea. Somerset House ni vyumba na korido, kila galari na chumba chake, chenye dirisha na mahali pa moto. Zamani zilikuwa ofisi za serikali, na hadi leo unaingia kama mtu aliyeitiwa deni la kodi. Uzuri wake ni kwamba unakuwa pua kwa pua na kazi. Bei hazibandikwi ukutani. Omba orodha ya kazi, watakupa, wala hakuna atakayekulazimisha kununua. Kidoti chekundu pembeni ya picha maana yake imeshapata mwenyewe.

Wa kwanza kumtafuta ni Thandiwe Muriu, mpigapicha wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1990. Alishika kamera akiwa na miaka 14, mwalimu wake akiwa baba yake. Mfululizo uliomtoa unaitwa Camo. Mwanamke yuko mbele ya kitenge, amevaa gauni la kitenge kilekile, na gauni limemezwa na ukuta. Kinachobaki ni uso, shingo, mikono, nywele zilizosukwa kwa mitindo ya kale, na miwani iliyoundwa kwa vitu vya nyumbani. Kila picha inakwenda na methali yake.

Wengi hupita wakisema "rangi nzuri" na kuendelea. Wewe sogea begani. Anayeshona anajua shughuli ya kuoanisha maua ya kitenge. Ukikata kipande cha mbele na cha nyuma bila hesabu, duara linakatikia kwenye mshono wa ubavuni na gauni linaonekana limeshonwa umeme umekatika. Mteja akidai maua yakutane, naongeza kitambaa na naongeza bei. Sasa dada huyu anataka maua ya bega yakutane na maua ya ukuta ulio nyuma ya bega, mtu akiwa hai, anapumua, na kamera ikitazama kutoka sehemu moja tu. Mkono ukishuka sentimita mbili, mstari umekatika. Nilifuata mstari mmoja kwa kidole hewani: umetoka ukutani, umeingia kwenye mkono wa gauni, umepita kifuani, umetokea upande wa pili. Nilikuwa na mtoto wa dada yangu, anasoma chuo hapa. Akaninong'oneza, "Mama mdogo, mlinzi anakuangalia." Nikamwambia aangalie tu, sijagusa kitu.

Sungi Mlengeya kafanya kinyume. Huyu ni wetu, amezaliwa Dar es Salaam mwaka 1991, alikuwa mfanyakazi wa benki kabla ya kushika brashi moja kwa moja, na amejifundisha mwenyewe. Kazi zake hupitia Afriart Gallery ya Kampala. Wanawake anaowachora wana ngozi nyeusi na ya kahawia iliyokolea, na vingine vyote ni vyeupe: nguo nyeupe, nyuma yao kweupe. Gauni hajalichora. Gauni ni ile sehemu ya kanvasi aliyoiacha wazi, na bado unaliona limekaa. Unajua shingo yake ni ya mviringo, unajua mkono unaishia juu ya kiwiko, kwa sababu ngozi inakatikia hapo. Huo ni ukataji! Ukipiga chaki juu ya kitambaa, kazi yote iko kwenye ukingo, katikati hapana kitu cha kufanya. Nikipewa kuchagua moja ya kwenda nayo nyumbani kati ya hawa wawili, namchukua Sungi, kwa sababu Thandiwe angegombana na mapazia yangu.

Hapa niseme jambo ambalo halitanipatia marafiki. Kitambaa chetu kuwekwa kwenye picha si sifa. Nimeingia vyumba ambavyo mtu amekata vipande vya kitenge, amevibandika kwa gundi juu ya kanvasi, akachora macho makubwa, basi. Gundi imeshaanza kuinuka pembeni kabla picha haijauzwa. Katika chumba kimoja cha namna hiyo nilimuuliza kijana aliyekuwa zamu, "Nani ameshona hii sehemu?" Akaanza kunieleza habari za utambulisho na kumbukumbu za bara. Nikamshukuru nikatoka. Mimi niliuliza jina la fundi.

Tuje kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti cha Uganda, maana hapo ndipo nakaa muda mrefu kuliko kote. Lubugo hakifumwi. Baganda huuchuna mti wa mutuba gome lake msimu wa mvua, hulitwanga kwa nyundo za mbao mpaka likalainika na kutanuka, na shina lililobaki uchi hulifunga majani ya migomba ili gome liote upya. Ni vazi la heshima, na ni sanda. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Kwa rangi ni wekundu wa udongo, na kwa kuwa gome lina vifundo, kitambaa kinatoka na matundu, ambayo hushonwa kwa mkono.

Aliyekipeleka lubugo kwenye kuta za matajiri ni Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, 1984. Alikikuta soko la watalii jijini humo, kikiuzwa kama vitambaa vya kuwekea sahani mezani. Sasa anakichoria kwa rangi za mafuta. Mwaka 2021 alikuwa na maonyesho makubwa Royal Academy hapa London, na raha yangu kwake ni kwamba hajifanyi hayaoni matundu. Mshono mnene unapita katikati ya picha, unakata mlima au paja la mtu, naye anaupa kazi: mara ukingo wa mto, mara kovu. Fundi mwingine angetafuta kipande kisicho na dosari.

Sanaa Gateja wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1950, anakitumia lubugo kwa namna nyingine. Yeye ni mtu wa shanga, na shanga zake ni za karatasi iliyokwisha kazi yake. Karatasi inakatwa vipande vyembamba, inaviringishwa kwa mkono, inatiwa gundi ikauke, kisha shanga zinashonewa kwenye lubugo moja moja mpaka kitambaa kinakuwa kizito. Amewafundisha wanawake wengi kazi hiyo, na ukiitazama unajua hapana mtu mmoja awezaye kuimaliza peke yake. Ukiwa mlangoni unaona rangi tu, nyekundu inateleza kuingia kwenye bluu. Ukifika karibu unaona uzi, na kwamba shanga hazilingani: nyingine nono, nyingine nyembamba. Mashine isingeweza kukupa ile miinuko.

Acaye Kerunen, naye wa Uganda, hufanya kazi na wanawake wasukaji: ukili, nyuzi za migomba, mabua. Uganda ilipoweka banda lake la kwanza Venice mwaka 2022, kwenye yale maonyesho makubwa ya sanaa ya Italia ambako kila nchi huwa na banda lake, yeye na Collin Sekajugo ndio waliokuwemo, na majaji wakalitaja banda hilo kwa heshima ya pekee. Mwaka 2024 akawa ndiye msimamizi wa banda, ndani yake akiwemo Gateja na mbunifu wa mavazi Jose Hendo, anayeshona lubugo. Tuliposimama mbele ya kazi ya Kerunen, mtoto wa dada yangu hakuridhika.

"Lakini mama mdogo, si mkeka huu? Bibi alikuwa nao."

"Alikuwa nao. Kuna aliyewahi kumuuliza ameusukaje?"

Hakujibu, akaupiga picha akamtumia mama yake. Ukweli ni kwamba hata mimi si kila kipande cha Kerunen kinanishika. Vile vikubwa vinavyoning'inia kutoka darini vinanivutia kuliko vile vya ukutani.

Kwa mshono wenyewe, bila kujificha, nenda kwa Kaloki Nyamai, mzaliwa wa Kitui, 1985. Kanvasi zake ni tabaka juu ya tabaka, picha za zamani zimehamishiwa humo, rangi zimepakwa na kukwanguliwa, halafu ameshona kwa nyuzi nene ambazo kwangu zingefaa kufumia sweta. Nyingine ncha zake zinaning'inia. Mteja wangu angeurudisha mshono ule nikautengeneze. Lakini pale unaona kipande kilichopasuka kimeunganishwa na mtu anayetaka ujue kwamba kilipasuka. Mwaka 2022 alikuwa katika banda la Kenya huko Venice pamoja na Syowia Kyambi, Wanja Kimani na Dickens Otieno.

Huyo Otieno ni mtoto wa mama mshonaji, na inaonekana. Anachukua makopo ya soda na bia, anayakata nyuzi nyembamba za alumini, kisha anazifuma kama vitambaa: mistari, miraba, mpaka unapata kitu cha kuvaa. Nilikaa nikitafuta ameficha wapi ncha kali, maana kopo likikukata halina msamaha. Kila mtu akiona kazi ya namna hii humkumbuka El Anatsui, mzee wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, anayeunga vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba, na ambaye Tate Modern, jumba la sanaa la hapa London, ilimpa ukumbi wake mkubwa kuanzia Oktoba 2023. Mzee hahitaji matangazo yangu. Otieno mkimkuta, msimpite mkidhani ni mwanafunzi wake. Mmoja anaunganisha, mwingine anafuma, na hizo ni kazi mbili tofauti.

Eddy Kamuanga Ilunga wa Kinshasa, 1991, hashoni chochote. Anachora. Nimemtia humu kwa sababu ya mikunjo. Watu wake wamejifunga vitambaa vya rangi kali, na kila kunjo linaanguka panapostahili: kwenye goti linakazika, kwenye nyonga linalegea, kitambaa kizito hakijakunjwa kama chepesi. Kisha unafika kwenye ngozi, unakuta si ngozi. Ni njia za umeme, zile zilizomo ndani ya simu. Anasema habari ya koltani, madini yanayotumika kwenye simu, inayochimbwa mashariki mwa Kongo, kwa ndugu zetu wanaoongea Kiswahili Kivu. Mtoto wa dada yangu akaishusha simu yake polepole akaitia mfukoni, nikacheka.

Lubaina Himid hamtamkuta kila mahali, ameshakuwa mkubwa. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akaletwa Uingereza mtoto mchanga, mama yake akiwa mbunifu wa vitambaa. Mwaka 2017 alichukua tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na Uingereza ikamteua kuiwakilisha Venice 2026. Ana kazi alizozijenga kwa mpango wa kanga: pindo, mji, na maneno chini. Pindo lake liko sawa. Maneno ni ya Kiingereza, na kusema kweli wanawake wa Barabara ya Kumi na Mbili wangeona hayana fumbo la kutosha kumnunishia jirani. Wa rika lake ni Everlyn Nicodemus wa Kilimanjaro, anayeishi Edinburgh, ambaye picha aliyojichora mwaka 1982 sasa iko National Portrait Gallery hapa London. Mtafuteni.

Kwa wasio na nauli ya London: Nairobi kuna NCAI (Nairobi Contemporary Art Institute), taasisi ya sanaa ya kisasa aliyoianzisha Armitage mwaka 2020. Kampala kuna Afriart. Dar mna Nafasi Art Space, ambako mnaweza kuwakuta wasanii wakiwa kazini na kuwauliza maswali yote ambayo yule kijana wa zamu hakunijibu. Waliopo London, October Gallery ya Old Gloucester Street ndiyo nyumba ya Anatsui na Kamuanga, na hapana kiingilio. Mkiamua kwenda 1-54 yenyewe, nendeni Jumapili mchana. Wanunuzi wakubwa wameshaondoka, wauzaji wamechoka kuuza, na wengine wataligeuza fremu uone nyuma ukiomba kwa adabu. Vaeni viatu vya chini, zile ngazi hazina huruma.