Usiku Umeme Uliporudi

Kwetu Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, umeme ukirudi watoto wa mtaa mzima hupiga kelele. Usiku ule wa mwaka 2022 nilizisikia nikiwa bado navua blauzi, mikono iko juu ya kichwa. Swichi nilikuwa nimeisahau. Taa ikawaka. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye godoro lake sakafuni, ananitazama.

Ilikuwa miezi minane tangu nikatwe titi la kushoto, na lile kovu hakuwahi kuliona. Nilioga nimefunga komeo. Nguo nilivulia gizani, na Bukavu giza halitafutwi. Yeye alihamia chini wiki ya kwanza ya kemo, zile dawa kali za kansa. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza, nikajijibu mwenyewe: kichwa hakina nywele, kucha zimekuwa nyeusi, kifua upande mmoja ni mbavu tupu. Nani atamtamani mtu wa hivyo?

Nikajifunika kitenge. Akauliza taratibu, "Mama watoto, bado inauma?"

"Hapana. Baba watoto, mbona ulikimbia kitanda?"

Alinyamaza hadi nikadhani hatajibu. Kumbe jirani alikuwa amemwambia kwamba dawa ya kemo humuunguza mwanaume, na kwamba mwanamke akiguswa, kansere iliyolala inaamka. "Niliogopa nitakuua," akasema. Tulilia wote wawili, kwa sauti ya chini, watoto wasisikie.

Juma lililofuata tulikwenda pamoja kwa muuguzi aliyekuwa ananichoma kemo. Kwenye matibabu yote, hata zile wiki 3 za mionzi kule Kigali, niliulizwa habari za chakula, choo na homa. Habari za kitandani hakuna aliyeniuliza, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Yule mama alifunga mlango, akaongea nasi bila kutafuna maneno. Kansa haiambukizwi kwa kulala pamoja, wala tendo la ndoa haliiamshi. Hofu ya mume wangu ilikuwa na chembe ya kweli: siku chache baada ya kila kemo, mabaki ya dawa hutoka na majimaji ya mwili, kwa hiyo wenzi hutumia kondomu. Lakini kemo yangu ya mwisho ilikuwa imepita zaidi ya miezi miwili.

Kisha akanigeukia mimi. Ukavu ule niliodhani ni dalili kwamba simpendi tena mume wangu, akasema, umeletwa na kemo. Imelaza mifuko ya mayai, ndiyo maana hedhi imekatika na usiku joto linanipanda. Akatuelekeza tutumie jeli ya maji ya kulainisha, tusiguse vaselini wala mafuta ya kupikia, maana mafuta huharibu kondomu. Na kondomu tulizihitaji: nilikuwa nimeanza vidonge vya tamoksifeni, vya kuzuia kansa isirudi, vya kumeza kila siku kwa miaka 5, navyo vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hedhi kukatika hakumaanishi mimba haiwezi kuingia. Mizizi ambayo shangazi alinitumia kutoka Walungu, ati inirudishie maji, muuguzi aliniomba niiweke kando. Shangazi alinitakia mema, najua, ila hakuna aliyeweza kutuambia mizizi ile ina nini ndani yake.

Famasi ya Nyawera nilikwenda mwenyewe. Jeli niliiomba kwa sauti yangu ya kawaida, watu wamesimama nyuma yangu, kama ninavyoomba dawa ya kikohozi.

Jumamosi mume wangu alilikunja godoro, akalitoa chumbani. Hatukuwa na haraka. Muuguzi alisema hata kushikana tu kunatosha, iwe wiki moja au kumi. Nililalia ubavu wa kulia, mto mdogo chini ya mkono wa kushoto ambao huvimba ukichoka. Taa tuliiacha inawaka. Akaweka kidole pale kovu linapoanza.

"Hapa unanisikia?"

Hapana. Ngozi ya pale imekufa ganzi. Akasogea kidogo.

"Hapa?"

Hapana. Nje mtu alikuwa anapanda ngazi, anaita mwanawe aje kula. Kidole kikapita kovu lote, polepole, kikapanda kuelekea mtulinga.

"Na hapa?"

"Hapo," nikasema.