Dylan ni wa upande gani?

Jana usiku nimebishana na kaka hadi chai ikapoa. Yeye anashikilia kwamba Bob Dylan, yule mwimbaji wa Marekani, ni mtu wa wakubwa tu: mwaka 2012 Rais Obama alimvisha Nishani ya Uhuru ya Rais, 2016 akapewa Nobel ya Fasihi, na 2020 akaiuzia Universal Music haki za nyimbo alizotunga, zaidi ya 600. Mwasi gani huyo?

Nilikataa, na bado nakataa. Agosti 28, 1963, akiwa na miaka 22, alisimama kwenye maandamano ya Washington akaimba juu ya kuuawa kwa Medgar Evers, mpigania haki aliyepigwa risasi Mississippi Juni ileile. Wimbo ule haumlaumu mfyatua risasi peke yake. Unawageukia wanasiasa waliomfundisha Mzungu maskini kumchukia mweusi, huku wao wakivuna. Mara ya kwanza niliposikiliza nikifuatilia maneno yake, nilizima redio nikakaa kimya muda mrefu.

Kweli, santuri zake karibu zote tangu 1962 zimetolewa na Columbia, na ile ni kampuni kubwa. Hapo kaka kanibana.

Lakini waliomzomea 1965 kwenye tamasha la muziki wa kiasili la Newport, alipopanda jukwaani na gitaa la umeme badala ya lile la kawaida walilolizoea, hawakuwa serikali wala matajiri. Walikuwa mashabiki wake wenyewe. Hakukubali kuwa msemaji wa yeyote, hata wa waasi, na ndiyo maana nampenda.

Kaka anasema huo ni ubinafsi. Leo jioni tunaendelea.