Upande wa bibi

Juzi Jumanne umeme ulikatika trei ikiwa ndani ya oveni. Zilikuwa zimebaki kama dakika ishirini. Mabilingani yameshapangwa, jibini imeshamwagwa juu, na binti yangu, yule wa pili, amesimama mlangoni na majani ya mrehani niliyomtuma akachume. Akauliza, "Mama, ndiyo tushakosa?" Nikamwambia hatujakosa kitu, akalete seredani na makaa. Kusema kweli nilimjibu tu, akili haikuwapo. Giza lile, na harufu ya mrehani uliokwisha kuvurugika katika kiganja cha mtoto, vilikuwa vimeshanirudisha uani kwa bibi, Kikwajuni, Januari 2010.

Mliokuwa Unguja wakati ule hamhitaji kuhadithiwa. Umeme ulituondokea tarehe 10 Disemba 2009 na haukurudi mpaka Machi. Mwaka mmoja na nusu nyuma yake, 2008, tulishakaa karibu mwezi mzima gizani, tukadhani lile ndilo kubwa. Mara hii ilikuwa miezi mitatu. Mifereji ilikauka kwa sababu pampu nazo zinataka umeme, ndoo zikawa na foleni kuliko watu, samaki akinunuliwa asubuhi lazima aliwe mchana. Magharibi ikiingia, jenereta za wenye uwezo zinaanza kunguruma, na sisi wengine tunawasha kandili.

Kaka alikuwa akifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Wataliani, Kiwengwa. Alianza kwa kuosha vyombo, akapandishwa kumenya mboga, mwisho akawa anasimama ubavuni kwa mpishi mkuu, mtu wa Napoli, anamkatia thomu. Pwani ile ya mashariki vijana wengi Kitaliano kinawatoka kuliko Kiingereza, naye hakubaki nyuma. Kila akija mapumziko hutuletea maneno mapya na pishi jipya. Mara ya mwanzo alitupikia tambi za chumvi, za mamumunye na thomu na mafuta ya zaituni kidogo. Kwa bibi tambi ni za sukari, tui na iliki, zabibu juu, na mahala pake ni kwenye futari. Alizitazama muda mrefu. "Hizi mmezisahau sukari," alisema, akala mamumunye yote, tambi akaziacha.

Siku ninayoisema alishuka kwenye gari ya Kiwengwa, namba 117, alasiri, amekumbatia mfuko uliozungushiwa magazeti. Jenereta ya hoteli ilikuwa imeharibika siku ya pili hiyo, friji hazipozi, na mpishi aliona bora awagawie wafanyakazi vilivyomo kuliko vioze. Kaka alipata matonge mawili ya mozzarella, ile jibini nyeupe laini inayokaa ndani ya maji yake, na kipande kigumu cha manjano, ukubwa wa kiganja, chenye ganda upande mmoja. Hicho kigumu ndicho kilichomtia furaha. Ni Parmigiano, alisema, ya huko Parma na Reggio Emilia. Gurudumu lake moja lina kilo karibu 40, linamaliza maziwa karibu lita 550, na linakaa ghalani si chini ya miezi 12 ndipo liitwe jina hilo. Alizungumza amesimama, kipande amekishika kwa mikono miwili.

Bibi alikuwa mkekani anachambua mchele kwa mwangaza wa mwisho wa jua. Alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akauliza masuala mawili.

"Mume wangu, umepewa au umechukua?"

"Nimepewa, bibi. Wallahi nimepewa, sote tumepewa."

"Haya. Na imegandishwa kwa nini?"

Hapo kaka alinyamaza. Sote tulinyamaza. Miye nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikuwahi kujiuliza maziwa yanageukaje kuwa jibini. Bibi alijua. Marehemu babu alikuwa akiletewa jibini ya kopo kutoka Maskati, na nadhani suala lile lilishaulizwa nyumba ile kabla hatujazaliwa. Maziwa hugandishwa kwa dawa itokayo tumboni mwa ndama, alisema, na huyo ndama hatumjui kachinjwa na nani. Mama akamkumbusha kwamba wapo wanavyuoni wanaoruhusu. "Najua wapo," alijibu, bila ya ukali. "Nyinyi kuleni, siwakatazi. Mimi nishazeeka, sitaki kwenda na jambo nisilolijua."

Basi tukakubaliana. Bibi mwenyewe alikuwa amenunua mabilingani Darajani asubuhi, manne, meusi yanang'ara. Kaka akasema tutafanya pishi la mabilingani na jibini, tabaka kwa tabaka, na upande mmoja wa sufuria utakuwa wa bibi, mabilingani na tungule peke yake. Hotelini wanayakaanga kwanza. Mama alikataa palepale: bilingani hunywa mafuta mpaka ukalikamua, na bibi ana presha, amekatazwa mafuta na chumvi nyingi. Tukayakata vipande vya unene wa kidole, tukayatia chumvi kidogo yakatoa maji, tukayafuta kwa kitambaa na kuyachoma juu ya wavu wa samaki. Mpaka leo ndivyo ninavyoyafanya, na sioni kinachopungua. Tungule tulizipika na thomu mpaka zikawa nzito. Chumvi hatukuongeza, jibini ile ngumu ina chumvi yake.

Kilichobaki ni vitu vitatu ambavyo kaka alivizoea hotelini na nyumbani havikuwapo: kikwaruzio, mrehani wa kupikia, na oveni. Nataka nikae hapa kidogo, maana ndipo ninaporudi kila mara.

Cha kwanza bibi alikimaliza kwa neno moja. "Mke mwenza, kalete mbuzi." Nikaleta mbuzi ya nazi, nikakaa, nikaanza kuikuna Parmigiano kama ninayekuna nazi ya wali. Ilikuwa ngumu kuliko kifuu. Ilitoka vipande vipande, vingine unga, ikianguka kwenye sahani, na harufu yake sikuijua: kama maziwa, kama samli ya zamani, na ndani yake kitu kama karanga iliyokaangwa. Kaka alikuwa ameshika kandili juu ya mikono yangu na anacheka kwa raha, anasema laiti yule mzee wa Napoli angeiona mbuzi hii.

Cha pili kilichukua muda. Bibi alikuwa na mirehani mitatu kwenye makopo ya rangi, karibu na mlango wa choo, na sote tulijua kazi yake. Ni ya kikuba, ifungwe pamoja na asumini na mkadi, ivaliwe na bibi harusi. Kaka alipoomba majani ya kutia kwenye mchuzi wa tungule bibi alimwangalia kama aliyeombwa udi akaungie maharage. "Mrehani wangu wa kikuba?" Kaka akamwambia kwa Wataliani ndio mboga, hawapiki tungule bila ya huo. Bibi aliinuka mwenyewe. Hakumtuma mtu. Alichuma tawi moja, akalinusa, akakaa nalo kidogo puani, kisha akalikata kwa mkono na kuliangusha kwenye sufuria bila ya kusema kitu. Mvuke ulipanda na ua zima ukanukia harusi.

Na oveni ndiyo hiyo, moto juu, moto chini. Kaka alikuwa ameshaanza kusema bila ya oveni jibini haitashika rangi, bibi akamwambia asogee. Alikuwa anapika mkate wa kumimina kabla baba yetu hajazaliwa. Chini alibakisha makaa machache, akayatandaza mpaka yakawa na majivu. Juu ya sufuria akaweka sinia, na juu ya sinia akapanga makaa ya vifuu yaliyowaka sawasawa, mengi pembeni, kidogo katikati, kwa koleo, moja moja. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa ule moto. Hakutazama saa. Alikaa kwenye kibao, mkono kwenye goti, ananusa. Jenereta ya jirani ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta na sisi hatukuwa na la kufanya ila kumtazama yeye. Nikikumbuka miezi ile mitatu, yote ninayoikumbuka ni joto na ndoo. Usiku huu mmoja nauona mpaka rangi ya makaa.

"Tayari," alisema.

Kaka aliinua sinia kwa vitambaa viwili. Jibini ilikuwa ikichemka kwa povu dogo dogo, imepiga hudhurungi pembeni, na mchuzi mwekundu unapenya katikati kama maji kwenye nyufa. Mama akasema Mashaallah. Nikatazama upande wa bibi.

Miye ndiye niliyemwaga jibini. Kaka alinionesha robo ya sufuria nisiiguse, na sikuigusa. Lakini niliimwaga mpaka ukingoni mwa mpaka, kwa kuwa nilikuwa na pupa ya kuiona yote inayeyuka. Sikujua kwamba mozzarella ikipata moto haikai mahala pake. Mpaka haukuwapo tena. Jibini ilikuwa imetambaa, sijui kwa vidole viwili, sijui kwa vitatu, na chini ya mwanga wa kandili nyeupe na nyekundu ilishakuwa kitu kimoja.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Ndipo kandili ikazimika, mafuta yalikuwa yameisha, na mama akaingia ndani kutafuta chupa. Ndani ya giza lile nilisikia kijiko kikikwangua chini ya sufuria, taratibu. Sauti ile naijua. Bibi alikuwa mtu wa ukoko. Wa wali, wa bokoboko, wa chochote, na hakuna aliyethubutu kumtangulia. Alikwangua, akanyamaza, akakwangua tena. Mama aliporudi na taa, sahani ya bibi ilikuwa tupu na yeye anajifuta vidole.

"Tungule zake zimeiva," alisema. Hakusema zaidi, na hakuna aliyeuliza.

Tulikula tukamaliza. Kaka alirudi Kiwengwa kesho yake na gari ya alfajiri. Umeme ulirudi Machi, mtaa mzima ukapiga kelele. Bibi alifariki miaka mitatu baadaye. Sikumwambia.

Nimeshayasoma mengi tangu hapo. Suala la bibi lilikuwa na jibu: Parmigiano ni maziwa, chumvi na kigandishi cha tumbo la ndama, hakuna kingine kinachoruhusiwa ndani yake. Zipo jibini nyingine ngumu zinazogandishwa kwa vigandishi vya mimea au vya vijidudu, na hizo ndizo ninazonunua, nasoma karatasi yake kwanza kabla ya bei. Nimejua pia kwamba neno lao la bilingani, melanzana, shina lake ni la Kiarabu, bādinjān, shina moja na bilingani letu. Mboga yenyewe waliletewa na Waarabu. Hilo lingemfurahisha. Angesema, basi hawa walichukua chetu wakatia jibini.

Lile la usiku ule sijalipatia jibu. Siku nyingine naona alijua. Mtu aliyeijua jibini kwa harufu ya kuganda kwake asiijue mdomoni? Labda alionja akanyamaza kwa ajili ya kaka, aliyebeba mfuko ule mapajani njia nzima kutoka Kiwengwa. Siku nyingine naona hakujua, alikula alichokiamini kwamba kimetengwa kwa ajili yake, na aliyepaswa kumwambia ni miye, niliyekuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake nimefunga mdomo. Kaka nilimuuliza mwaka jana. Yeye hakumbuki hata kama kandili ilizimika.

Sasa nalipika karibu kila wiki, usiku wa kazi, wakati hakuna nguvu za wali na mchuzi. Siku ya mamumunye naweka mamumunye, siku ya mchicha naweka mchicha uliopashwa moto ukakamuliwa. Mafuta ni kijiko kimoja. Watoto wanakula mboga bila ya kubembelezwa. Na robo moja ya trei huwa siiwekei jibini, naacha nafasi ya vidole vitatu vizima, japokuwa sote nyumbani tunakula jibini na hii ninayonunua haina tatizo.

Juzi trei ilikaa sawasawa juu ya seredani. Nilifunika kwa sinia, nikapanga makaa juu, mengi pembeni, kidogo katikati. Binti yangu alichutama akatazama kabla sijafunika.

"Mama, mbona huku umesahau jibini?"

"Sijasahau. Upande wa bibi huo."

"Bibi yupi?"

Nikaanza kumhadithia. Umeme ulirudi tulipofika kwenye mbuzi ya nazi, taa zikawaka nyumba nzima, friji ikaanza kuguruma. Hakuna aliyeinuka. Akaniambia, "Endelea."