Nilivyozoea kucheza Half-Life 2 kwa padi

Kifundo cha mkono wa kulia ndicho kilichonilazimisha. Mchana kutwa naingiza takwimu ofisini, kipanya hakitoki mkononi. Usiku nikikaa kucheza gemu la risasi kwa kipanya tena, ikifika saa nne mkono unawaka moto. Nilikuwa nimefika Ravenholm, mji uliojaa zombi kwenye Half-Life 2, gemu la mwaka 2004 ambalo laptopu yangu kuukuu inalimudu vizuri, na sikuwa tayari kuliacha njiani. Nikaamua kutumia padi, yaani kidhibiti cha kushika kwa mikono miwili, chenye vijiti na vitufe. Utotoni tulishinda vibandani tukicheza PS2, vidole vyangu vinaijua.

Padi ya kwanza niliinunua Kariakoo, ya waya, ya bei ya chini. Nikachomeka, taa ikawaka, Windows ikaitambua, lakini ndani ya gemu hakuna kilichosogea. Nilidhani nimeuziwa mbovu. Kumbe padi nyingi za bei rahisi zinazungumza na kompyuta kwa utaratibu wa zamani, DirectInput, ilhali magemu mengi yaliyokuja baada ya Xbox 360 kutoka mwaka 2005 yanasikiliza utaratibu mpya zaidi, XInput. Dawa niliyoipata ni kufungulia gemu ndani ya Steam, programu ya kununulia na kuchezea magemu, nikaingia kwenye mipangilio ya padi na kuitambulisha kitufe kimoja kimoja. Steam inakaa katikati na kutafsiri. Kabla hujamrudishia muuzaji padi yake, jaribu hilo kwanza.

Halafu kamera ikawa inateleza yenyewe kuelekea kushoto. Hapo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, fungua sehemu ya majaribio. Utaona alama ndogo ya msalaba ndani ya kisanduku. Yangu ilikuwa inatetemeka pembeni ya katikati hata nikiwa sijagusa kijiti. Nikaongeza dedizoni, yaani lile eneo la katikati ambalo mwendo wa kijiti hauhesabiwi, kidogo kidogo mpaka msukosuko ukakoma ndani ya gemu, nikaishia hapohapo. Ukiizidisha, kijiti kinakuwa kizito, unasukuma weee halafu kamera inaruka ghafla.

Baada ya hapo bado nilikuwa nakufa sana. Nilikuwa nimeweka kasi ya kamera juu, nikitaka igeuke kama kipanya, kwa hiyo kila nikilenga zombi napitiliza kulia, narudisha, napitiliza kushoto. Siku moja mpwa wangu, ambaye anacheza magemu ya risasi kwenye simu kutwa, alikaa pembeni akaniangalia.

"Mjomba, mbona unamfukuza kwa kidole? Sogea wewe."

Nilimwelewa palepale. Kijiti cha kushoto nacho kinalenga. Adui akiwa kidogo kulia kwa alama ya kulengea, piga hatua nusu kulia, ataingia katikati bila kugusa kamera. Nikashusha kasi ya kamera karibu nusu, kidole gumba cha kulia kikabaki na kazi ya kupandisha na kushusha. Ravenholm ndipo pa kujifunzia hilo, kwa sababu kuna misumeno ya duara unayoinyanyua kwa bunduki ya mvutano, ile inayovuta vitu na kuvirusha. Msumeno unakaa bapa mbele yako. Ukishaupata urefu wa kifua, unatembea tu pembeni mpaka zombi aingie kwenye mstari, unaachia. Usiku ule niliwakata wawili kwa msumeno mmoja, na mpwa akapiga makofi.

Zombi wanaopanda mabomba ya ukutani na kurukia mapaani ndio waliobaki kunishinda, wana kasi mno. Mpwa tena ndiye aliyeniambia niwashe jairo, yaani kihisi kinachojua padi imeinama wapi, maana kwenye simu wanalenga kwa kuinamisha kifaa. Padi ya bei ya chini haina. Nikatafuta DualShock 4, padi ya PS4, iliyotumika, hiyo inayo, na Steam inaitambua bila shida. Nimeipangia jairo ifanye kazi pale tu ninapoikandamiza L2, kitufe cha nyuma upande wa kushoto: kijiti kinanifikisha karibu na adui, viganja vinamalizia kwa kuinama kidogo sana. Mikono ikipinda vibaya naachia L2, nairudisha mapajani, nakandamiza upya, kama unavyonyanyua kipanya mezani na kukirudisha.

Kwa kucheza peke yako, njia hii inatosha kabisa. Kwa Counter-Strike, gemu la risasi la kushindana mtandaoni, dhidi ya watu wenye kipanya, kwa kweli sikushauri. Huko nimejaribu mara mbili tu nikaacha.

Ravenholm niliimaliza Jumamosi iliyofuata. Kifundo hakikuuma. Sasa nahangaikia kubadilisha silaha haraka, maana vitufe vya mshale vinanilazimisha kuondoa kidole gumba kwenye kijiti cha kushoto, na hapo nasimama.