Anwani Yetu Wenyewe kwa Programu ya Kukodi

Chama chetu cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Njoro, karibu na Nakuru, hutumia programu ya hesabu ya kukodi kwa mwezi, ambayo anwani yake ilikuwa ndefu na ya kigeni kiasi kwamba baadhi ya wazee waliidhania ya matapeli. Kwa kuwa tulikuwa na kikoa chetu, yaani jina letu la mtandaoni, kinachoishia na .co.ke, niliamua programu hiyo ipatikane chini ya jina letu.

Kazi yenyewe ni mstari mmoja: katika mipangilio ya DNS, yaani orodha inayoonyesha kila jina la mtandaoni linaelekea wapi, unaongeza rekodi ya CNAME inayolielekeza jina lako kwenye anwani ya mtoa huduma. Mimi, kwa pupa, nilitaka kutumia jina tupu la kikoa, bila kutanguliza neno lolote, nikapoteza jioni nzima, kwa sababu CNAME hairuhusiwi kukaa pamoja na rekodi nyingine, ilhali jina tupu lazima libebe rekodi za SOA na NS, zinazotaja seva zinazosimamia kikoa, na letu lilikuwa pia na MX ya barua pepe. Nikatanguliza neno "hesabu" na nukta, lakini nikakosea herufi moja ya anwani, na TTL, muda ambao jibu la zamani huhifadhiwa kabla ya kuulizwa upya, ilikuwa sekunde 86400, yaani siku nzima. Hivyo hata baada ya kusahihisha, simu za wanachama kadhaa ziliendelea kuelekezwa kwenye anwani yenye kosa hadi kesho yake. Laiti ningeanza na sekunde 300!

Cheti cha usalama, kinachoithibitishia simu kwamba anwani ni ya kweli, kilitolewa chenyewe jina lilipothibitishwa. Mweka hazina, ambaye haamini kitu upesi, aliingia asubuhi hiyo bila kunipigia simu.