Namna tulivyorudi darasani bila kufunga famasi

Nilipokuwa nasoma famasia UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, tulifundishwa kwamba mama mwenye mimba changa akipata malaria ya kawaida hupewa kwinini siku saba pamoja na klindamisini, na kwamba dawa mseto zenye artemisinini zisubiri mpaka miezi mitatu ya kwanza ipite. Novemba 2022 OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, ikatoa pendekezo jipya: artemeta-lumefantrini, mojawapo ya dawa mseto hizo, itumike hata ndani ya miezi hiyo mitatu. Habari hiyo sikuisikia mkutanoni, wala sikuisoma kwenye barua yoyote. Ililetwa kaunta na mama mjamzito wa hapa Katuba, Lubumbashi, imeandikwa kwenye ordonansi, yaani karatasi ya dawa ya daktari. Nilimpigia daktari wake kabla ya kutoa dawa, akanieleza vizuri, nikajisomea mwenyewe kwenye simu mama akiwa amekaa kwenye benchi, ndipo nikamhudumia.

Jioni ile nilikaa nikawaza: ni mangapi mengine yamebadilika tangu nitoke chuo, na yatanifikia kwa njia gani? Elimu ya dawa haikai mahali pamoja. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa 2010, ulifuata watoto 5,425 wa Afrika wenye malaria kali, Kongo ikiwemo. Kati ya waliopewa kwinini ya sindano walikufa asilimia 10.9, kati ya waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata OMS ikapendekeza artesuneti kwa watoto. Muuzaji wa dawa ambaye habari kama hiyo haikumfikia anaendelea kuagiza alichozoea, na wanaoumia ni watoto.

Kwingine jambo hili lina sheria. Majimbo mengi ya Marekani humtaka mfamasia aonyeshe saa 30 za masomo kila miaka miwili ndipo leseni yake iendelee. Ufaransa iliweka wajibu wa aina hiyo kwa wahudumu wa afya kupitia sheria ya 2009. Naunga mkono wajibu huo kabisa, na ningependa tuufuate hapa kwetu kwa ukali. Lakini sikutaka kungoja.

Famasi ninayofanyia kazi inafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa usiku. Mafunzo mazuri yapo, ila mara nyingi hufanyika katikati ya wiki, mjini, kwenye ukumbi wa hoteli, na mwaliko ni wa mtu mmoja. Kijana anayesimama kaunta kutwa nzima ndiye wa mwisho kualikwa, na ndiye anayemkabidhi mama dawa na kumwambia namna ya kuinywesha.

Kwa hiyo nilianza peke yangu, usiku, kwa simu. OMS ilikuwa na jukwaa la masomo ya bure, OpenWHO, lililofunguliwa 2017. Masomo mengi yalikuwa na Kifaransa, na uliweza kuyapakua ukiwa na mtandao ukayasoma baadaye bila mtandao. Kwa mtu wa Lubumbashi hilo ni jambo kubwa, maana kurante, yaani umeme, hukatika bila kuaga na mega za intaneti huisha katikati ya sentensi. Siku hizi anayetaka masomo ya namna hiyo anaelekezwa WHO Academy, yenye makao yake Lyon. Mwongozo wa dawa muhimu wa MSF, yaani Madaktari Wasio na Mipaka, nao hupatikana bure kwa Kifaransa, na ukiuweka kwenye simu unausoma popote.

Nilisoma, nikajibu maswali, nikapata shahada, nikazichapisha. Kisha nikagundua kitu. Somo nililolisoma kwa sababu tu lipo kwenye orodha lilinitoka kichwani baada ya muda mfupi. Nililolisoma kwa sababu mteja ameniuliza lilibaki. Hapo nikaweka daftari chini ya kaunta. Kila swali lililotuzidi, au tulilolijibu kwa mazoea tu, tuliliandika kwa maneno yaleyale ya mteja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno ya mama mmoja: "Docta, hii siro nimupatie mutoto vijiko ngapi?" Siro ni dawa ya maji ya kunywa.

Daftari ndilo lililozaa kikundi. Niliwaonyesha wenzangu wa famasi za jirani, na kila mmoja akasema kwake wanaulizwa hivyohivyo. Tukakubaliana kukutana Jumapili alasiri, watu wakishatoka misa na ibada, kwenye chumba cha nyuma cha famasi yetu. Wapo wafamasia wenye diploma, wasaidizi waliosoma ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, yaya mmoja, yaani mkubwa wetu, muuguzi mstaafu ambaye ana famasi yake ndogo, na vijana wa kuuza waliojifunzia kazini. Tuliweka sheria mbili. Swali lazima liwe limetoka kwa mteja halisi. Na anayelichukua akirudi na jibu, aseme amelitoa wapi, tena baada ya kueleza asimame aliigize: mmoja mteja, mwingine muuzaji, kwa Kiswahili chetu cha kila siku. Sheria hiyo ya pili naithamini kuliko ya kwanza. Mtu anaweza kueleza kwa Kifaransa safi kwamba lumefantrini hufyonzwa vizuri ikiandamana na mafuta, halafu akashindwa kumwambia mama wa Katuba ampe mtoto vidonge pamoja na uji wa karanga au sombe yenye mawese, na kwamba dozi ya pili ni baada ya muda wa saa nane kupita, hata kama mtoto amelala.

Swali la vijiko lilitupa somo ambalo mpaka leo watu wanalizungumzia. Niliomba kila mtu aje na kijiko cha chai kutoka nyumbani kwake. Tukavipanga mezani, tukavijaza maji kimoja kimoja, tukayavuta maji kwa seringi na kusoma mistari. Kijiko tunachokiandika kwenye boksi tunakihesabu kuwa mililita 5. Kimoja pale hakikufika tatu. Kingine, cha zamani, kipana, kilipita sita. Sasa chukua siro ya parasetamoli yenye miligramu 120 katika mililita 5. Mtoto wa kilo 10 anahitaji kati ya miligramu 100 na 150 kwa dozi moja. Kwa kile kijiko kidogo anapata takriban 70. Homa haishuki, mama anasema dawa ni mbovu, anarudia kabla ya saa zake au anakwenda kutafuta dawa nyingine ya kuongeza juu yake. Kijana wetu wa kaunta, ambaye kwa kawaida husema kidogo, alikishika kijiko kile akasema, "Basi hawa ba mama hawakuwa wanakosea. Sisi ndio tulikuwa tunawapa kipimo kisichokuwepo."

Tangu hapo siro haitoki kwetu bila seringi isiyo na sindano, na kwenye seringi tunachora mstari kwa kalamu isiyofutika, mbele ya mama, kisha tunamwomba avute maji mpaka pale tuone. Bei yake ni ndogo, na wengi wanaikubali wakielezwa sababu. Siku hiyohiyo tuliendelea na dawa za unga za kuchanganya na maji, kama amoksisilini ya watoto. Unatikisa chupa kwanza ili unga uachane na kitako, unatia maji yaliyochemshwa yakapoa, kiasi cha nusu, unatikisa, ndipo unaongeza hadi mstari. Yaya muuguzi akatuongezea jambo ambalo haliandikwi kwa herufi kubwa: povu hudanganya. Ukilipima povu, chupa inabaki na maji pungufu na dawa inakuwa kali kuliko ilivyoandikwa. Uache povu litulie, uongeze tena. Wateja wanaotaka tuwachanganyie pale dukani sasa tunawachanganyia, na tunaandika kwenye lebo tarehe ya kuitupa.

Jumapili nyingine tulisoma kisa cha kwetu Kongo, na nilitaka kila mtu awepo. Kuanzia mwisho wa 2014 na kuingia 2015, huko kaskazini-mashariki, upande wa Ituri, watu zaidi ya elfu moja walifika hospitali na vituo vya afya shingo zimepinda, ulimi unatoka nje, mikono imekakamaa. Mwanzoni ilishukiwa homa ya uti wa mgongo. Vipimo vya maabara vikaonyesha kwamba vidonge walivyomeza, vilivyouzwa kwa jina la diazepamu, ndani vilikuwa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. OMS ilitoa tahadhari mwaka huohuo wa 2015. Kila mmoja wetu ameshawahi kuuza vidonge vya kuhesabu kutoka chupa kubwa ya vidonge elfu. Ukishavitia kwenye kifuko, jina la kiwanda limepotea, namba ya loti, ile ya toleo la kiwandani, imepotea, na mgonjwa akirudi huna pa kuanzia.

Tulijadili mpaka giza likaingia, na jibu letu lilikuwa rejista. Kila dawa inayoingia inaandikwa tarehe, depo (duka la jumla) ilikotoka, namba ya loti na tarehe ya kuisha. Kwenye kifuko cha vidonge vya kuhesabu tunaandika jina la dawa, nguvu yake na ile namba ya loti. Ni kazi ya kuchosha. Boksi likifika tunalikagua pia: herufi za jina la kiwanda, tarehe ya nje na ya ndani kama zinalingana, rangi na alama ya kidonge ukilinganisha na cha mara iliyopita. Macho hayatoshi kugundua dawa bandia, na hilo nililisisitiza, kwa sababu bandia nzuri inafanana na halisi kabisa. Hapo kinga yetu ni kununua depo inayojulikana na yenye karatasi, hata kama mfanyabiashara wa begi aliyevuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa anauza kwa bei nafuu.

Kuhusu antibayotiki tulifuata mgawanyo wa AWaRe, ambao OMS iliutoa 2017: zipo za kuanzia, zipo za kuangaliwa, zipo za akiba. Tukabandika karatasi za rangi kwenye rafu. Amoksisilini kijani, siprofloksasini, azithromisini na seftriaksoni manjano. Nilitaka kitu cha manjano kisitoke bila ordonansi. Mwenye famasi alinisikiliza, akasema mteja akikosa kwetu anavuka barabara. Ni kweli, anavuka. Ndiyo maana niliona faida ya kikundi: ng'ambo ya barabara pia kuna mwenzetu wa Jumapili. Tulikubaliana kuanza na siprofloksasini na seftriaksoni tu, famasi zote zilizomo kwenye kikundi kwa pamoja. Azithromisini bado inabishaniwa. Sijaridhika, na nitaendelea kuilalamikia mpaka iingie.

Kwa anayetaka kujaribu hili Goma au Kolwezi au kwingineko, gharama yetu ni mikate, chai, na mega ambazo mmoja huzinunua kwa mchango wa wote. Anayepakua anawapitishia wengine kwa bluetuthi au kwa kadi ya simu. Mara chache tumemwomba mwalimu wa chuo aje, na wamekuja bila kudai kitu zaidi ya nauli. Mwalimu akija tunampa maswali ya daftari mapema, asije na mhadhara wake wa darasani. Wasiosoma Kifaransa vizuri tunawafasiria hapohapo, bila kumfanya mtu ajione mdogo. Jambo gumu ni mahudhurio wakati wa mvua kubwa, Januari na Februari, njia zikiharibika.

Sasa hivi tuna swali la insulini, dawa ya ugonjwa wa sukari. Mzee mmoja mteja wetu hana friji, na Oktoba ya Lubumbashi joto linajulikana. Tunajua kwamba chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na kwamba insulini iliyoganda kwa barafu hutupwa hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Tumepata pia utafiti wa MSF na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa 2021, ambao ulichukua joto lililopimwa kwenye kambi ya Dagahaley huko Kenya, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, ukaijaribu insulini katika joto hilo kwa wiki nne, na nguvu yake ikabaki karibu sawa na ya iliyowekwa kwenye baridi. Habari hiyo ni ya furaha kwa watu kama mzee wetu, lakini maelekezo ya kiwanda kwenye boksi lake yanataja joto la chini zaidi. Yaya muuguzi ndiye aliyelichukua swali, na ameomba Jumapili mbili badala ya moja, kwa sababu anataka kwanza kuzungumza na daktari anayemfuatilia mzee yule, na kupima kwa kipimajoto chungu cha udongo ambamo mzee huiweka chupa yake mchana.