Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Kiingereza Mtwara, na semantiki kutwa nzima

Saa 11 alfajiri

Adhana ndo alamu yangu. Nabandika chai, nafungua madesa. Mi nafundisha Kiingereza sekondari hapa Mtwara mjini, naishi Magomeni, alafu huku najiendeleza digrii kupitia Chuo Kikuu Huria na mwaka huu ndo nimekutana na semantiki, somo linalouliza maneno na sentensi zinabebaje maana, na nawaambia ukweli hakuna somo lililonishika hivi tangu nianze shule.

Leo nipo na Frege, Mjerumani, mtu wa hesabu, makala yake ya mwaka 1892 inasomwa mpaka leo. Anasema nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni kitu kimoja, zote ni sayari ya Zuhura. Sasa ukimwambia mtu "nyota ya asubuhi ni nyota ya asubuhi" hujamwambia kitu, ila ukimwambia "nyota ya asubuhi ni nyota ya jioni" umempa habari, watu wa kale ilibidi wachunguze anga kwanza ndo wakajua. Kama maana ya jina ingekuwa ni kile kitu kinachotajwa basi, hizo sentensi mbili zingekuwa sawa, na haziko sawa. Kwaiyo kuna kitu chenyewe, na kuna njia ambayo jina linakufikisha kwenye hicho kitu. Nimekaa hapo hapo mpaka chai ikapoa.

Saa 1 asubuhi

Getini mwalimu wa zamu ameshawapanga waliochelewa, kijana mmoja wa kidato cha tatu anaulizwa "Have you stopped coming late?" Kaganda. Na ana haki ya kuganda jamani, akijibu yes kakubali kwamba alikuwa na mchezo wa kuchelewa, akijibu no kakubali kwamba anaendelea nao, yani jambo lenyewe limeshapitishwa kabla hajafungua mdomo. Hapa wanafalsafa wa Uingereza walibishana kweli kweli, mfano wao ulikuwa "mfalme wa sasa wa Ufaransa ana kipara" wakati Ufaransa haina mfalme. Russell mwaka 1905 akasema hiyo sentensi ni ya uongo, Strawson mwaka 1950 akamjibu hapana, siyo kweli na siyo uongo, hilo swali halizuki kabisa maana msingi wake haupo. Mi nipo na Strawson.

Saa 2 na dakika 40

Kidato cha pili, vipindi viwili mfululizo. Upimaji wa kitaifa umekaribia, na hawa watoto wengi wao shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili alafu kufika kidato cha kwanza karibu masomo yote yakageuka Kiingereza. Wanakariri misamiati, madaftari yamejaa, alafu sentensi fupi tu inawaangusha. Nikaandika ubaoni "The cook gave the girls rice", maneno yote wanayajua. Nikawaambia leo hatujifunzi neno jipya, tunachukua only tunaitembeza humo ndani.

"Only the cook gave the girls rice", wakasema aliyetoa ni mpishi peke yake, mwingine hakuwapa. Sawa. "The cook gave only the girls rice", hapo wavulana wakapiga kelele, wamenyimwa! "The cook gave the girls only rice", kimya kidogo, alafu binti wa dawati la mbele akauliza, "Madam, maharage yako wapi?" Ndo hapo sasa! Maharage hayajatajwa popote ubaoni, ila kayaona, kwa sababu only kazi yake ni kukulazimisha ufikirie vile ambavyo vingeweza kuwepo na kuvikataa. Nilifurahi sijui niseme nini, hilo swali moja linashinda daftari zima la misamiati.

Tukamalizia na "The cook only gave the girls rice", hii kwenye maandishi inayumba, only inaweza kuhusu wali, inaweza kuhusu wasichana, inaweza hata kuhusu kile kitendo cha kutoa. Nikawaambia wasome kwa sauti, wakandamize girls, alafu wakandamize rice. Wakasikia wenyewe maana inavyohama na maneno hayajasogea. Kengele ikagonga bado wanabishana.

Saa 4 na nusu

Chai, ofisi ya walimu. Mwalimu wa baiolojia analalamika, "Madam, hawa watoto misamiati hawana." Nikamwambia mwalimu mwenzangu wanayo, muulize yeyote photosynthesis atakueleza, kinachowapiga ni vile vidogo, not, except, unless, all, vinavyoamua sentensi nzima inaelekea wapi na hakuna anayevifundisha. Katikati ya maongezi mwalimu wa stoo akatangaza "Some students have returned their books." Wote tukaelewa siyo wote waliorudisha. Ila some haijasema hivyo! Hata kama wote wamerudisha ile sentensi haiwi uongo. Mwanafalsafa Grice alilieleza hili kwenye mihadhara yake Harvard mwaka 1967, ikachapwa 1975, kwamba hiyo "siyo wote" tunaiongeza sisi wasikilizaji kwa kuamini kwamba msemaji angejua ni wote angesema all.

Saa 9 alasiri nikapita sokoni, samaki, nyanya, nyumbani.

Saa 11 jioni

Zoezi la leo, tafuta sentensi yenye utata ambayo haina neno hata moja lenye utata. Yangu ni "A buyer visited every village". Ni mnunuzi mmoja aliyezunguka vijiji vyote, au kila kijiji na mnunuzi wake? Kinachobadilika ni kipi kinatangulia kufanya kazi kati ya a na every. Nikampelekea mzee jirani yangu, ana shamba la korosho upande wa Nanyamba, akasema, "Mwalimu, mnunuzi gani huyo wa kuja kijijini, korosho zinaenda ghalani zinauzwa mnadani, huyo kangomba tu, na kangomba kila kijiji wana wao." Kangomba ni wale wanaonunua korosho kinyemela nje ya mnada. Nimeiandika kwenye asainimenti. Sentensi imeacha milango miwili wazi, mzee kachagua mmoja kwa anachokijua kuhusu biashara, na ukisoma sarufi peke yake huo uchaguzi huuoni kabisa.

Saa 3 usiku

Wasapu, mwalimu wa baiolojia kanitumia mtihani wa majaribio nimpitishie Kiingereza. Swali la kweli au si kweli, "All mammals do not lay eggs". Nikampigia. Mtoto akisoma kwamba hakuna mamalia anayetaga, jibu ni si kweli, maana platipasi wa Australia anataga. Akisoma kwamba siyo mamalia wote wanaotaga, jibu ni kweli. Na Kiingereza chenyewe kinaruhusu hiyo ya pili, angalia "All that glitters is not gold", hakuna anayeisoma kwamba kila king'aacho si dhahabu hata dhahabu yenyewe. Akakaa kimya, akasema mi nilitaka wamkumbuke platipasi. Basi nikamwambia andika "No mammal lays eggs", jibu si kweli, aliyesoma atapata. Akabadilisha palepale kabla karatasi hazijapelekwa kudurufiwa, alafu akanitumia na maswali ya kidato cha nne.